Tusisubiri jino liume ndipo tukumbuke fizi

Mtu wa Jinja au Mbale, hapa Uganda, anapokwenda kwa daktari wa meno, mara nyingi huwa amekwisha kushindwa na kila njia nyingine. Ameuma karafuu, amesukutua maji ya chumvi, amenunua vidonge katika duka la dawa, na usiku wa kuamkia safari hakupata usingizi. Maumivu ndiyo yaliyompeleka, na kwa kawaida maumivu hayo hutoka kwenye jino lililotoboka. Huduma yetu ya meno imejengwa juu ya safari hiyo: mgonjwa husubiri mpaka aumwe, kituo husubiri mpaka mgonjwa aje, na mwisho wa kusubiriana huko ni koleo. Kwa jino lililooza utaratibu huo ni mbaya, ila una mantiki yake, kwa kuwa jino lililooza humkumbusha mwenyewe. Kwa ugonjwa wa fizi hauna mantiki hata kidogo, maana ugonjwa huu kwa wengi hauumi mpaka umekwisha kufanya uharibifu wake. Ninachosema ni hiki: ugonjwa usiouma hauwezi kudhibitiwa na huduma inayoongozwa na maumivu. Tena, miji yetu hii miwili inaweza kuanza kuubadili utaratibu huo kwa watu na vituo ilivyonavyo sasa, bila kungoja jengo jipya wala mfadhili mpya.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kila siku bakteria hujijenga kuwa utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi na katika nafasi kati ya jino na jino. Utando huo usipoondolewa, fizi huvimba, huwa nyekundu zaidi, na hutoka damu zikiguswa na mswaki. Ukiachwa zaidi, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ukoga mgumu, ambao mswaki hauwezi tena kuung'oa. Mwaka 1965, Harald Løe na wenzake katika mji wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio la watu 12 wenye fizi nzima walioombwa kuacha kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba, na walipoanza kusafisha tena zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Jaribio hilo dogo lilimaliza ubishi wa muda mrefu. Chanzo ni utando, wala si joto la mwili au damu chafu. Kiseyeye kinachotokana na ukosefu wa vitamini C ni ugonjwa mwingine, ingawa nacho hutoa damu kwenye fizi. Jambo la pili lililodhihirika ni kwamba hatua hii ya kwanza hupona kabisa. Hatua inayofuata ndiyo isiyorudi nyuma. Uvimbe ukishuka chini ya ufizi, nyuzi zinazolishika jino hukatika, mfupa wa taya huyeyuka kidogo kidogo, na kati ya jino na ufizi hufunguka mfuko ambamo bakteria hustawi mahali mswaki usipofika. Jino lililofika hapo ni nguzo iliyoliwa na mchwa chini ya udongo: juu inaonekana imara, na siku inapotikisika mwenye nyumba hana tena cha kuokoa. Mfupa uliopotea haurudi wenyewe.

Swali ambalo mwandishi wa habari za afya hulikwepa ni hili: je, kila mwenye fizi zinazotoka damu atapoteza meno? Jibu ni hapana, na ushahidi bora wa jibu hilo unatoka kwa watu wanaofanana na sisi kuliko Wadenmark wa Aarhus. Kuanzia 1970 hadi 1985, Løe alifuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na huduma yoyote ya meno wala desturi ya kupiga mswaki. Wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Hata hivyo, asilimia 11 hawakusonga mbele zaidi ya uvimbe, asilimia 81 waliharibikiwa polepole, na asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi kiasi kwamba walipofika umri wa miaka 45 hivi walikuwa wamebaki vibogoyo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichunguza watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wilayani Machakos, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Walikuta ukoga na damu karibu kila mahali, lakini mifuko mirefu ya fizi ilikuwa imerundikana kwa watu wachache. Dhana iliyokuwa imezoeleka vitabuni, kwamba Mwafrika asiye na mswaki wa dukani lazima abaki kibogoyo, haikusimama mbele ya takwimu hizo.

Kuna atakayesema kwamba ushahidi huo unaivunja hoja yangu: kama wengi hawapotezi meno, basi mzigo wenyewe ni mdogo. Mimi naona unaiimarisha. Ugonjwa unaowala wote sawasawa ungehitaji kampeni kubwa isiyowezekana kwa bajeti zetu. Ugonjwa unaowala kwa ukatili watu wachache wanaoweza kutambuliwa unahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kuwatafuta mapema. Kwa kuwa hawaumwi, hawatakuja wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata watu wapatao bilioni moja, karibu mtu mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ukiichukulia hesabu hiyo kama wito wa kumtibu kila mmoja, utakata tamaa. Ukiuliza ni nani hao, utaona kwamba baadhi yao tayari wana kadi ya kliniki mfukoni, ila ni kliniki ya ugonjwa mwingine.

Wa kwanza ni wagonjwa wa kisukari. Sukari ikiwa juu katika damu, mwili hupambana vibaya na bakteria wa fizi na mfupa huharibika haraka zaidi. Nao uvimbe wa fizi, kwa upande wake, hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba kutibu fizi hupunguza kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban pointi 0.4 za asilimia, kiasi ambacho daktari wa kisukari hawezi kukidharau. Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika eneo la Iganga na Mayuge, mwendo mfupi tu kutoka Jinja, ulikuta kisukari kwa asilimia 7.4 ya watu wa umri wa miaka 35 hadi 60, na asilimia nyingine 8.6 walikuwa ukingoni. Kundi la pili ni wavuta tumbaku, ambao wana hatari ya ziada ya kudanganyika: tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi zao hutoka damu kidogo kuliko za wengine huku mfupa ukiliwa kwa kasi. Kundi la tatu ni wanaoishi na VVU, hasa kinga inaposhuka, ambao wanaweza kupata aina ya ugonjwa wa fizi wenye kidonda, harufu na maumivu makali. Kundi la nne ni wajawazito, ambao homoni hufanya fizi zao zivimbe upesi hata kwa utando mdogo.

Sasa tazama watu hao wanakutwa wapi. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Jinja na ya Mbale, huhudumia wagonjwa wa kisukari. Shirika la TASO la kuwahudumia wanaoishi na VVU, lililoanzishwa mwaka 1987, lina vituo katika miji yote miwili, na maelfu ya watu wamezoea kufika huko kwa tarehe zinazojulikana. Kuhusu wajawazito, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 ulionyesha kwamba asilimia 97 ya kina mama wa Uganda walihudhuria kliniki kwa mtaalamu angalau mara moja. Wavuta tumbaku walio miongoni mwa wafanyakazi wa miwa wa Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alijenga kiwanda chake cha sukari mwaka 1930, wana hospitali ya kampuni. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa anayefika pale kwa sababu ya jino. Hapo ndipo penye nafasi yetu, kwa kuwa wanafika kabla ya maumivu. Kuwapima fizi hakuhitaji kiti cha umeme wala eksirei. Kinachohitajika ni mwanga, glavu, na kijiti chembamba cha chuma ambacho Shirika la Afya Duniani limekieneza kwa miongo mingi. Nchani kina kitone cha nusu milimita, na juu kidogo kina mstari mweusi unaoanza milimita 3.5 na kuishia milimita 5.5. Ukikiingiza taratibu kati ya jino na ufizi na mstari mweusi ukazama, mfuko umekwisha kuwa mrefu. Kijiti hutakaswa pamoja na vyombo vingine vya chuma, na upimaji wa meno machache yaliyochaguliwa huchukua dakika chache.

Anayekutwa na mfuko apelekwe wapi? Katika mfumo wa Uganda, kituo cha afya cha ngazi ya nne kinatakiwa kuwa na afisa wa afya ya meno, mtaalamu wa stashahada anayefundishwa kusafisha na kung'oa meno na kutoa elimu ya kinywa. Jinja ina vituo vya ngazi hiyo Bugembe, Walukuba na Buwenge. Upande wa Mbale wana Namatala na Busiu. Tiba yenyewe ni kazi ya mikono: kukwangua ukoga juu na chini ya ufizi mpaka mzizi wa jino uwe laini, kumfundisha mgonjwa kusafisha kati ya meno, kisha kumpima tena baada ya wiki kadhaa na kumwita kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Wenye mifuko isiyofunga hupelekwa hospitali ya rufaa. Ikumbukwe kwamba vidonge havichukui nafasi ya kukwangua. Amoksilini na metronidazoli zinazonunuliwa dukani hutuliza uvimbe kwa siku chache, lakini ukoga hubaki palepale, na bakteria hurudi wakiwa wameizoea dawa. Maji ya chumvi nayo hupunguza karaha, hayang'oi kitu. Fedha inayomwagika madukani kwa dawa zisizoponya ingetosha safari nyingi za kwenda kusafishwa.

Pingamizi linalosikika zaidi mitaani ni kwamba kusafishwa na daktari hulegeza meno. Halipaswi kudharauliwa, maana limejengwa juu ya jambo ambalo watu wameliona kweli. Mtu mwenye ukoga mwingi husafishwa, kisha siku chache baadaye anahisi meno yake yanacheza na nafasi zimefunguka kati yake. Tatizo ni jinsi anavyolieleza. Meno yalikuwa yamekwisha kupoteza mfupa, na ukoga uliokuwa umeyagandisha pamoja uliyaficha yasionekane yamelegea. Uvimbe unapotulia, ufizi hushuka na nafasi hudhihirika. Mara nyingi baada ya wiki chache meno hukaza, kwa kuwa fizi zimepona. Imani hii haitaondoka kwa kumkemea mgonjwa. Itaondoka ikiwa kila mhudumu atamweleza mapema, kabla hajashika chombo, kwamba hisia hiyo itakuja na kwa nini. Na itapungua zaidi watu wakisafishwa wakiwa na ukoga mdogo, kabla mfupa haujaliwa, kwa sababu hao hawataona meno yakicheza.

Pingamizi la pili ni la wenye kushika bajeti: nchi ina malaria, ina vifo vya kina mama, ina upungufu wa damu wodini, nani atagusa fizi? Kipaumbele hicho nakikubali. Nisichokubali ni dhana kwamba tunachagua kati ya mtoto mwenye malaria na fizi za baba yake. Mgonjwa wa kisukari tayari amekaa kwenye benchi akisubiri kupimwa. Kumtazama mdomo hakumnyang'anyi mtu kitanda. Kuhusu uhaba wa wataalamu, takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2014 hadi 2019 zinaonyesha madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000 katika kanda ya Afrika, karibu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Watu hutumia uhaba huo kama sababu ya kutofanya kitu. Mimi nauona kuwa sababu ya kuacha kumpa daktari wa meno kazi ambayo muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya. Muuguzi achuje, afisa wa meno akwangue, daktari bingwa abakiwe na wachache wenye shida kubwa. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa shinikizo la damu na VVU, na hakuna aliyesema kwamba taaluma imeshushwa hadhi.

Wengine watasema kwamba usafi wa kinywa ni wajibu wa mtu mwenyewe, na kwamba wazee wetu walitunza meno kwa mti tu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kijiti cha mti kilichotafunwa ncha kikawa brashi, kikitumiwa kwa uangalifu kila siku, huondoa utando vizuri, na ndiyo maana tangu miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limekubali matumizi yake pale ambapo ni desturi. Waislamu wa Mbale, mji wenye chuo kikuu cha Kiislamu tangu 1988, wanajua kwamba kupiga mswaki kabla ya swala ni sunna inayotiliwa mkazo. Desturi hiyo ni mtaji wa afya, na mahubiri ya Ijumaa yangeweza kuutumia. Lakini mti wala brashi havifiki chini ya ufizi, na juhudi binafsi hazing'oi ukoga uliokwisha kuganda. Kuna pia makosa mawili ambayo mtu peke yake hawezi kuyasahihisha asipoambiwa. La kwanza ni kuacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu kwa kudhani amejiumiza, wakati damu ndiyo dalili kwamba mahali hapo panahitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. La pili ni kulaumu sukari kwa kila kitu, jambo rahisi katika mji wa miwa kama Jinja. Sukari hutoboa meno, na kuipunguza ni busara. Lakini mtu anaweza kuacha soda na chai tamu kabisa, akabaki na utando pembeni mwa fizi unaomla mfupa.

Nisidai zaidi ya ushahidi. Wapo wanaouza habari kwamba kusafisha fizi huzuia kila balaa la mwili, na wajawazito huambiwa kwamba kutaepusha kuzaa mtoto njiti. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lililohusisha wajawazito 823, halikuonyesha kwamba tiba ya fizi inapunguza uzazi wa kabla ya wakati. Lilionyesha, hata hivyo, kwamba tiba hiyo ni salama wakati wa ujauzito na fizi za mama hupona. Hilo linatosha. Hatuhitaji kumtisha mama ili tumtibu mdomo wake. Kinachothibitika ni kikubwa vya kutosha: huko Karlstad, Sweden, Per Axelsson na Jan Lindhe walianza mwaka 1971 kuwafuatilia watu wazima waliosafishwa na kufundishwa mara kwa mara, na baada ya miaka 30 watu hao walikuwa wamepoteza kwa wastani chini ya meno mawili, mengi kwa kupasuka mzizi, machache sana kwa ugonjwa wa fizi. Sweden ni tajiri, lakini kilicholinda meno yale hakikuwa mashine. Kilikuwa kuitwa tena na kufundishwa tena, jambo ambalo kliniki zetu za VVU zimelizoea.

Kwenye karatasi hakuna anayebisha. Uganda ina sera ya taifa ya afya ya kinywa tangu 2007. Mwezi Mei 2021, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa yahame kutoka kung'oa kwenda kuzuia, na kuiweka afya ya kinywa ndani ya huduma za msingi. Huduma katika vituo vya serikali ni bure tangu 2001. Jinja na Mbale, zilizopewa hadhi ya jiji Julai 2020, zina idara zao za afya na zinaweza kuanza na kliniki moja ya kisukari na moja ya wajawazito kila mji: muuguzi mmoja aliyefunzwa, vijiti kumi vya kupimia, na daftari la rufaa linalompeleka mgonjwa kwa afisa wa meno wa ngazi ya nne kwa tarehe maalumu. Msomaji naye asingoje mkutano wa baraza: apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, apitishe uzi au brashi ndogo kati ya meno, aache tumbaku, na fizi zikiendelea kutoka damu baada ya wiki mbili za usafi mzuri, aende akapimwe hata kama haumwi. Ila viongozi wa afya wa miji hii wasimwachie yeye peke yake. Katika kikao kijacho cha bajeti, madiwani wawaulize swali moja lenye jibu la tarakimu: mwaka uliopita, wagonjwa wangapi wa kisukari walipimwa fizi kabla hawajalalamika? Kama jibu ni sifuri, kazi ya mwaka ujao imekwisha kujulikana.